Sydney Carton alikufa kwa mapenzi, au alikuwa amechoka kuishi?

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Kikundi chetu cha usomaji kimemaliza A Tale of Two Cities ya Charles Dickens. Wenzangu karibu wote wanasema Sydney Carton ndiye mfano wa mapenzi ya kweli, maana alikubali kukatwa kichwa ili mume wa mwanamke anayempenda apone. Mimi nililia nilipofika mwisho, kesho yake nikakasirika. Naona ni mlevi aliyechoka na maisha, akapata njia nzuri ya kuondoka. Na Lucie mwenyewe hakuulizwa. Mchumba wangu, naye yumo kikundini, ananiambia 'hata mimi ningekufa kwa ajili yako', na sijui kwa nini maneno hayo hayanifurahishi. Je, yale ni mapenzi kweli? Jumamosi ni zamu yangu kuongoza mjadala." Msomaji wa Morogoro.

Marahaba, binti. Hasira yako isikutie wasiwasi. Ni dalili kwamba ulisoma kitabu chote. Wengi wanaijua riwaya hii kwa sentensi yake ya kwanza na ya mwisho tu, na kilichomo katikati kimeshawatoka. Wewe umeuliza juu ya katikati.

Nianze na jibu, kisha nieleze. Ndiyo, yale ni mapenzi. Lakini ushahidi wake hauko kwenye gilotini, ile mashine ya kukatia vichwa. Uko kwenye siku mbili za mwisho kabla ya gilotini, katika vitendo vidogo ambavyo msomaji mwenye haraka ya kufika kwenye kilio huvipita. Tena, ndani ya kitabu hichohicho wamo watu waliotoa zaidi ya Carton, kwa maoni yangu. Wao walibaki hai, ndiyo maana hakuna anayewalilia.

Kwa wasiokisoma, kisa ni hiki. Mwaka 1775 Daktari Alexandre Manette, Mfaransa, ametoka katika gereza la Bastille alikofungwa miaka 18. Binti yake Lucie anamchukua London na kumrudishia akili zake taratibu. Huko Lucie anapendwa na wanaume wawili wanaofanana sura: Charles Darnay, kijana wa ukoo wa kikabaila wa Ufaransa aliyeukana urithi wake akaamua kuishi kwa kufundisha, na Sydney Carton, wakili mwenye akili kali aliyeiacha akili hiyo ilowe kwenye pombe. Lucie anaolewa na Darnay. Mapinduzi yanazuka Ufaransa mwaka 1789. Mwaka 1792 Darnay anarudi huko kumnusuru mtumishi wa zamani wa ukoo wake, anakamatwa, na hatimaye anahukumiwa kifo. Carton anaingia gerezani kwa hila, anabadilishana naye nguo, anamtoa akiwa amezimia, yeye anabaki kusubiri zamu.

Sasa shaka yako. Ina ushahidi wa kutosha, wala Dickens hakuuficha. Siku ile ya kesi ya London, mwaka 1780, Darnay anapoachiwa huru kwa sababu ya kufanana kwake na Carton, wawili hao wanakwenda kula pamoja. Carton ameshalewa. Anamwambia Darnay kwamba hamjali mtu yeyote duniani na hakuna mtu duniani anayemjali yeye. Usiku huohuo anakwenda kumfanyia kazi wakili mwenzake, Stryver: anakaa na taulo mbichi kichwani kupoza ulevi, anachambua majalada mpaka alfajiri, ili Stryver akang'are mahakamani. Dickens anamwita Stryver simba na Carton mbweha wake. Kukipambazuka mbweha anarudi kwake, anajitupa kitandani na nguo zake zote, na mto unalowa machozi.

Ukimchukua mtu wa namna hiyo ukampeleka moja kwa moja mbele ya gilotini, hoja yako inasimama. Mtu ambaye uhai wake hauna thamani machoni pake mwenyewe, akiutoa ametoa nini? Angekufa katika Kitabu cha Pili, kati ya vitabu vitatu ambamo riwaya imegawanywa, ningekuunga mkono bila kusita.

Sura ya 13 ya kitabu hicho ndiyo ya ile ahadi maarufu. Carton anamkuta Lucie peke yake, anakiri kwamba anampenda, anakiri pia kwamba hafai na hatafaa. Hamwombi ampende. Anachomwambia ni kwamba yuko tayari kufanya lolote kwa ajili yake na kwa ajili ya yeyote atakayempenda yeye, na kwamba akumbuke mara mojamoja kuwa yupo mtu ambaye angetoa uhai wake ili uhai wa mtu anayempenda ubaki karibu naye. Halafu anaomba mazungumzo hayo yawe siri.

Yapime maneno hayo vizuri. Mwenye wivu angeahidi kumlinda Lucie, basi. Carton anamwahidia na mume ambaye bado hajapatikana, na mtoto ambaye bado hajazaliwa. Hapo pana ukarimu wa kweli. Lakini katika mazungumzo hayohayo anamwambia pia kwamba saa moja au mbili tu baada ya kuagana atakuwa amerudi kwa marafiki zake wabaya na tabia anazozidharau lakini zinazomshinda. Na ndivyo inavyokuwa. Miaka inapita, Lucie anaolewa na kuzaa, Carton anawatembelea kama mara sita kwa mwaka, na bado ni yuleyule wa majalada ya Stryver. Ahadi ipo, mtu hajabadilika. Kwa hiyo mchumba wako yupo hapo, Kitabu cha Pili, sura ya 13. Si pabaya, vijana wengi huanzia hapo. Ila Carton mwenyewe alijua kwamba maneno yale, kwa wakati ule, yalikuwa maneno tu.

Fungua sasa Kitabu cha Tatu, sura ya nane na ya tisa. Paris, wakati wa Utawala wa Hofu, kipindi cha Mapinduzi kilichojaa hukumu za kifo. Darnay ameachiwa na kukamatwa tena siku hiyohiyo. Kesho yake atapanda kizimbani mara ya pili. Carton amefika kutoka London kimyakimya. Anamtambua jasusi mmoja wa magereza, Barsad, na anamkalisha chini ili ambane kama mchezaji wa karata. Karata inayomaliza mchezo inatoka kwa Jerry Cruncher, tarishi wa benki mchana na mfukua makaburi usiku, ambaye anajua kwamba jeneza la mshirika wa Barsad lilizikwa bila maiti ndani, kwa sababu alikwenda kulifukua mwenyewe. Kufa kufaana, na Jerry aliishi kwa methali hiyo kikweli.

Katika mazungumzo hayo Carton ananyweshea ubongo wake brandi glasi baada ya glasi. Kisha, karibu na mwisho, anajaza glasi nyingine, na badala ya kuinywa anaimwaga polepole mekoni mwa Bwana Lorry, rafiki wa familia ya Lucie, akiitazama inavyodondoka. Dickens hasemi neno hapo. Anarudi baadaye sana kutuambia kwamba aliimwaga kama mtu aliyemalizana nayo. Mlevi wa miaka mingi, usiku ambao mtu yeyote mwingine angetafuta kinywaji.

Baada ya hapo anazungumza na Lorry, mzee wa benki aliye katika mwaka wake wa 78, kapera aliyeitumikia benki tangu ujanani. Carton anamuuliza: kama usiku huu ungeweza kuuambia moyo wako kwa ukweli kwamba hujapata pendo la mtu yeyote, wala shukrani, wala heshima, na hujatenda jema wala la manufaa ambalo mtu atakukumbuka nalo, miaka yako hii 78 isingekuwa laana 78? Lorry anakubali kwamba ingekuwa hivyo. Mzee anapoinuka kuondoka, Carton anamsaidia kuvaa koti. Hilo koti ndilo linalonigusa mimi. Carton hazungumzi kama mtu anayetafuta kufa. Anauliza maisha mema yanafananaje, na anamuuliza aliyeyaishi.

Usiku unaendelea. Anaingia duka la dawa, anakabidhi karatasi. Mwenye duka anamwonya asizichanganye dawa zile, anamuuliza kama anajua madhara ya kuzichanganya. Anajua. Hukumu ya Darnay bado haijatolewa, lakini Carton ameshapanga. Njiani anakuta mama na mtoto wake wa kike wakitafuta pa kuvuka barabara iliyojaa tope. Anambeba mtoto, anamvusha, na kabla mkono ule mdogo wenye haya haujamwachia shingo anaomba busu. Kisha anazunguka mji mpaka kunakucha, kichwani yakimrudia maneno yaliyosomwa kwenye kaburi la baba yake: "Mimi ndimi huo ufufuo, na uzima." Brandi, koti, dawa, mtoto. Mtu aliyechoka kuishi hajali barabara ya nani ina tope.

Ila kuna jambo moja ambalo hasira yako imelilenga sawasawa: hakuna aliyeulizwa. Si Lucie peke yake. Darnay mwenyewe alikataa! Carton anapoingia seli na kumwambia wabadilishane viatu, Darnay anaona ni wazimu, anamsihi asiongeze kifo chake juu ya uchungu wa kifo cha mwenzake. Carton anamkalisha aandike barua anayomtajia neno kwa neno, na huku Darnay anaandika, mkono wa Carton unasogea polepole usoni pake ukiwa na dawa ile. Kalamu inapotea njia, mwandiko unakuwa mikwaruzo isiyosomeka, na Darnay anazimia. Ameokolewa kwa nguvu.

Wasomaji wengi wanalipita hili. Mimi sikubali lipitwe, lakini pia silioni kuwa dhambi kubwa. Fikiria Lucie angeulizwa. Akisema ndiyo, ameteua mtu wa kufa. Akisema hapana, amemchinja mumewe kwa kinywa chake. Carton hakumpa nafasi ya kujibu swali ambalo majibu yake yote mawili yangemtesa mpaka kaburini. Alipombeba akiwa amezimia kutoka mahakamani, aliomba ruhusa ya kumbusu, akanong'ona maneno ambayo mtoto wa Lucie, aliyekuwa karibu kuliko wote, alikuja kuwasimulia wajukuu wake uzeeni: "Uhai unaoupenda." Ahadi ya sura ya 13 ilikuwa imeiva, na aliyeahidiwa hakuisikia.

Hata hivyo deni linabaki. Kwenye gari la farasi linalokimbilia pwani, Darnay anaanza kuzinduka. Anadhani bado yuko selini na Carton. Anamwita kwa jina, anamuuliza ana nini mkononi. Mkewe yumo humo, mtoto yumo, mkwe yumo. Na Dickens anaishia hapo! Hatuonyeshi dakika ile Darnay alipoelewa. Hatuonyeshi alivyomtazama mkewe. Mtu mmoja ataishi miaka yake yote iliyobaki ndani ya nguo za mwingine, na mwandishi anaharakisha farasi. Kwangu mimi huo ndio udhaifu mkubwa wa riwaya hii, na nadhani ndipo hasira yako ilipoanzia.

Lucie naye, kama mhusika, ameandikwa vibaya. Ana nywele za dhahabu, ana huruma, anazimia. Hujui anawaza nini. Ukilisema hilo Jumamosi utakuwa na wahakiki wengi nyuma yako. Lakini kuna sura moja ambamo anasimama kwa miguu yake, nami nitairudia hapo chini.

Kwanza nimalize na Carton, kwa sababu ushahidi mkubwa kuliko wote haumhusu Lucie hata kidogo. Unamhusu msichana mshona nguo.

Amefungwa kwa kusingiziwa njama. Ana umri wa kama miaka 20, mwembamba, na kitabu hakimtaji jina. Alimfahamu Darnay katika gereza la La Force, kwa hiyo anamsogelea Carton akidhani ni yeye, anaomba amshike mkono wakiwa kwenye mkokoteni. Anapoinua uso anaona si yeye. Anauliza kwa sauti ya chini: unakufa kwa ajili yake? Carton anajibu: na mkewe na mtoto wake, nyamaza. Msichana angeweza kupiga ukelele na mpango wote ukaharibika. Anachoomba ni kushika mkono wa mtu jasiri asiyemjua, na Carton anamjibu, ndiyo, dada yangu maskini, mpaka mwisho.

Anakuwa naye mpaka mwisho kweli. Jukwaani anamgeuza yule msichana kwa upole, aipe mgongo ile mashine inayoshuka na kupanda, asiione. Msichana anamweleza habari za binamu yake, yatima mwenzake, anayeishi kwa mkulima huko kusini na hajui lililompata. Anasema kwamba kama Jamhuri itawafaa maskini, huenda binamu huyo akaishi miaka mingi, na anauliza: huko nitakakomngojea, nitauona muda ni mrefu? Carton anamwambia kwamba huko hakuna muda wala taabu. Wanabusiana. Anatangulia yeye, wanawake wanaofuma sweta mbele ya jukwaa wanahesabu 22. Kisha Carton, 23. Siku hiyo walikuwa 52.

Msichana huyu hana chochote cha kumpa Carton. Hamjui Lucie, hatasimulia ushujaa wake London, hatabaki kukumbuka. Carton ana dakika chache za uhai, na anazitumia zote kumpunguzia hofu mtu asiyemjua hata jina. Kama lengo lake lingekuwa kuondoka kwa uzuri, huyu angekuwa usumbufu. Mtu anayekimbia maisha yake huwa anajitazama mwenyewe. Carton macho yake yapo kwa mwenzake. Hapo ndipo shaka yangu huisha.

Waeleze wenzako jambo jingine pia. Ile sentensi ya mwisho, ya kwamba anachofanya sasa ni bora mno kuliko yote aliyopata kufanya, Carton hakuitamka. Dickens anasema kwamba kama angetamka mawazo yake, na kama yangekuwa ya kinabii, yangekuwa haya. Ni "kama" mbili. Ile ndoto ya Lucie mwenye mtoto wa kiume atakayeitwa kwa jina lake imo ndani ya hizo "kama". Wanaoigiza hadithi hii hupenda kumpa Carton hotuba pale juu. Kitabuni anakufa kimya, na maneno ya mwisho tunayojua aliyasema kwa mdomo aliyasema kwa mshona nguo.

Sasa wale niliosema walitoa zaidi.

Daktari Manette ndiye namba moja kwangu. Kumbuka aliyemfunga ni nani: ndugu wawili wa ukoo wa Evrémonde. Mmoja alimnajisi mke wa mkulima, wakamuua kaka yake, daktari akaitwa kutibu, akaona yote, akaandika kwa waziri, na mwaka 1757 akatupwa Bastille. Mwaka 1767, kwa wino wa masizi na damu, aliandika waraka akaulaani ukoo huo mpaka kizazi cha mwisho, akaufukia kwenye bomba la moshi la seli yake. Na Charles Darnay, kijana anayekuja kumposa binti yake, ni mtoto wa ukoo huo.

Manette alihisi kabla hajaambiwa. Darnay alipotaka kumtajia jina lake halisi, mzee alimzuia: utaniambia asubuhi ya harusi, si sasa. Asubuhi ya harusi wakajifungia chumbani. Mzee alitoka akiwa amepauka kama maiti, akamkabidhi binti yake kwa mtoto wa adui yake, akawasindikiza maharusi kwa tabasamu. Walipoondoka akarudi kwenye ule ushonaji wa viatu aliojifunza gerezani, akashona siku tisa bila kumtambua mtu. Kisha akarudi katika akili zake, akaketi mezani na mkwe wake miaka yote iliyofuata. Lucie hakuambiwa. Kila akimtazama yule kijana anaona uso wa nani? Dickens hakutuambia, na hapa kimya chake kinafanya kazi kuliko maelezo. Halafu Mapinduzi yanakuja, Defarge, mwanamapinduzi mwenye duka la mvinyo Paris, anaupata waraka ule siku ya kuvunjwa Bastille, tarehe 14 Julai 1789, na unasomwa mahakamani kumhukumu Darnay. Chuki ambayo mzee aliizika kwa ajili ya mapenzi inafukuliwa na wengine na kumchinja nayo.

Marehemu mama yangu alimuuguza baba aliyepooza mpaka Mungu alipomchukua, na katika ndoa yao yalikuwepo mambo ambayo mwingine asingesamehe. Nikisoma habari za Manette namwaza mama, Carton hanijii kabisa.

Bi Pross, mlezi wa Lucie, aliyezuia mlango kwa mwili wake ili Madame Defarge, mke wa yule mwenye duka la mvinyo, asijue kwamba familia imeshatoroka, alisalimika na kupoteza masikio yake. Bastola ililipuka katikati ya vita vyao, Madame Defarge akafa, na sauti ya mlio ule ndiyo ya mwisho Bi Pross kuisikia maishani. Dickens anachekesha kidogo akimwonyesha na Jerry garini, Jerry akipiga kelele na mama hasikii kitu. Mimi sijawahi kucheka hapo. Na Madame Defarge mwenyewe msimwonee: yule mwanamke aliyenajisiwa alikuwa dada yake. Alipoambiwa kisasi chake kina pa kukomea, alijibu kwamba waambiwe upepo na moto wapi pa kukomea, asiambiwe yeye. Naye alipenda ndugu zake. Mjadili hilo kama muda utawatosha.

Neno moja juu ya mwandishi, kwa sababu mtu atauliza. Dickens anasema katika dibaji kwamba wazo la riwaya lilimjia alipokuwa akiigiza mchezo wa rafiki yake Wilkie Collins, The Frozen Deep. Ilikuwa 1857, na yeye aliigiza mtu anayejitoa uhai kumwokoa mpinzani wake wa mapenzi. Katika maonyesho ya Manchester mwaka huo aliigiza pamoja na binti wa miaka 18, Ellen Ternan, yeye akiwa na 45, na akampenda. Mwaka uliofuata alitengana na mkewe Catherine, aliyemzalia watoto 10. Riwaya ikatoka kwa mfululizo wa kila wiki mwaka 1859, ikihusu mwanamume anayempenda mwanamke asiyemwomba kitu. Sisemi kitabu ni uongo kwa sababu hiyo. Nasema tu kwamba kuandika kujitoa na kujitoa ni kazi mbili, na Catherine angeweza kutueleza tofauti yake.

Turudi kwa mchumba wako. Simjui, na huenda ni kijana mwema. Nadhani maneno yake hayakufurahishi kwa sababu hakuna siku atakayodaiwa. Nafasi ya mtu wa Morogoro kukatwa kichwa badala ya mwingine ni ndogo sana. Nafasi ya kudaiwa mambo mengine ni kubwa, nawe unajua, ndiyo maana unataka kusikia juu ya hayo mengine.

Kwa hiyo Jumamosi usianze na ukurasa wa mwisho. Anza na sura ya tano ya Kitabu cha Tatu, mtu asome kwa sauti. Darnay yuko La Force, ambako atakaa mwaka mmoja na miezi mitatu. Lucie ameambiwa kwamba kuna dirisha ambalo mumewe akibahatika kulifikia anaweza kumwona mtu aliyesimama kwenye pembe fulani ya mtaa, ingawa yeye Lucie hatamwona. Saa nane mchana anafika hapo. Saa kumi anaondoka. Kila siku, theluji, upepo, jua, mvua, mara nyingine na mtoto, mbele ya kibanda cha mpasua kuni anayemkejeli na kuuita msumeno wake gilotini. Huenda mumewe alimwona mara moja katika siku tano au sita. Huenda wiki nzima hakumwona. Lucie hajui ni siku zipi. Huyo ndiye Lucie niliyekuambia anasimama kwa miguu yake, na mapenzi ya namna ile sijui kama Carton angeyaweza kwa miaka.

Baada ya hapo nenda sura ya 13 ya Kitabu hichohicho cha Tatu, Darnay anapozinduka garini. Mpe mchumba wako nafasi hiyo, usimpe ya Carton, maana ile ya Carton ameshajipa. Mwulize: wewe ndiye Darnay, umezinduka, umejielewa uko wapi na nguo hizi ni za nani, mkeo amekaa mbele yako. Unamwambia nini? Niandikie alichojibu, ningependa kujua.